Kandambili ya Shaba

Kwanza apeni kwamba habari hii haitoki hapa. Mmeapa? Haya, someni, halafu warushieni wote, maana hata mimi niliapa na imenishinda.

Palikuwa na mjane mwuza maandazi, Bi Sikudhani. Kandambili yake ya kushoto ilikatika ukanda, mumewe akaishikiza kwa kizibo cha soda. Siku mbili baadaye mume akafariki. Tangu hapo hakuna wa kumwambia aitupe.

Siku moja akaenda hitimani kwa jirani, akazivua kandambili mlangoni kama watu wote. Kutoka, ya kulia ipo, ya kushoto haipo! Akarudi kwake mguu mmoja chini, analia.

"Shoga, nani aibe kandambili moja?" wenzake wakamcheka. "Mbwa huyo kaibeba!"

Kumbe mfalme alikuwa ametangaza shindano: mafundi wayeyushe shaba na kumsubia kwa kalibu kitu kinachotumika kila nyumba, na mshindi awe fundi wa ikulu. Siku ikafika. Huyu kaleta birika, yule kopo la maziwa, mwingine mche wa sabuni, vyote vya shaba.

Fundi Mshangama akafunua kitambaa. Kandambili! Kisigino kimelika, alama za vidole zimezama kama mtu ndiyo kwanza kaivua. Watu wakausifu uzuri wake.

Bi Sikudhani, aliyekuwa akiuza maandazi pale, akasogea, akainama, akakiona kizibo cha soda kwenye ukanda, nacho cha shaba.

"Fundi, hii yangu."

"Vizibo viko tele, bibi. Nimeisubu kwa kufuata kandambili yangu mwenyewe, wallahi!"

Mfalme hakupandisha sauti. "Basi ivae, fundi."

Fundi akaingiza mguu. Vidole vyake vitano, alama nne. Kidole cha mwisho kikakosa pa kukaa.

Bi Sikudhani akatua kapu lake, akatia mguu wake wa kushoto, ule uliokatwa kidole kidogo na shoka utotoni. Ukakaa sawasawa, kila kidole kwenye shimo lake.

"Yenyewe iko wapi?" akauliza taratibu.

Fundi akatazama chini. "Niliifunika kwa udongo kutengeneza kalibu; shaba ilipoingia, iliungua. Ndivyo kazi ilivyo."

"Marehemu mume wangu aliitengeneza ili nitembee, baba. Hii yako naendaje nayo kisimani?"

Fundi alibaki amesimama mbele ya mji mzima, kitambaa mkononi, mguu mmoja hauna kiatu.

Funzo: Kitu unachokiona duni huenda ndicho pekee alichobakiziwa mwenzako. Kabla hujakitafutia sifa, mwombe mwenyewe.