Tonge la Kwanza

Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, walitaka tujifunze kwa yanayowapata wengine kabla wembe haujatufikia. Bi Malsun aliuona wembe ukija, mji baada ya mji, na kila mara alipata sababu ya kubaki na nywele kavu.

Korona ilipoivamia Daegu, alisema watu wa huko husongamana mno. Iliposhika Seoul, alisema vijana wa mjini hawatulii nyumbani. Vuli ilipokwisha, ikaingia mji mdogo ulio chini ya mlima wao. Binti yake, Eunsil, akapiga simu.

"Mama, kimchi ya mwaka huu tengeneza peke yako. Kabichi chache tu. Mapafu ya baba unayajua."

Deokpal, mumewe, alichimba makaa ya mawe tangu ujana. Mgodi ulifungwa zamani, lakini vumbi lake halikutoka kifuani mwake. Alipumua kama mvukuto uliotoboka.

"Korona gani itapanda mlima huu?" Bi Malsun alicheka. "Basi lenyewe hufika likitweta! Unataka majirani waseme nimekuwa bahili wa pilipili?"

Majirani wakaja. Walikaa sebuleni goti kwa goti, mikono myekundu hadi viwikoni, wakipaka pilipili kabichi zilizolala kwenye chumvi, kisha wakizishindilia mtungini zichachuke taratibu hadi ziive kuwa kimchi. Barakoa zilining'inia videvuni. Bi Bunrye, aliyerudi jana yake kutoka kwa dada yake kule mjini, akakohoa.

"Shoga, ni pilipili hiyo au umetuletea mgeni?" jirani mmoja akamtania.

"Mgeni gani! Pilipili ya Malsun ni kali kama mwenyewe."

Wakacheka hadi machozi.

Nyama ya nguruwe, inayoliwa na kimchi ikiwa bado mbichi, ilipoiva, Deokpal alichungulia mlangoni, barakoa usoni. "Nitakula chumbani. Eunsil kaniagiza."

"Baba Eunsil, ule peke yako kama mfungwa? Njoo hapa!" Bi Malsun akamketisha kando ya Bi Bunrye, akamvua barakoa kwa mkono wake, akaviringisha nyama ndani ya jani la kimchi. Tonge la kwanza lilikuwa la mumewe kila mwaka. "Haya, fungua mdomo."

Akafungua, mtiifu kama mtoto.

Bi Bunrye alishikwa na homa kesho yake. Kisha wote waliokaa sebuleni wakaugua. Wanawake walipona. Deokpal alipelekwa hospitali, ambako mkewe hakuruhusiwa kuingia. Walizungumza kwa simu tu.

"Mama Eunsil, kimchi imeiva?"

"Bado kidogo. Rudi tuile."

"Usiigawe yote. Niwekee."

Hakurudi. Eunsil, aliyekuja kwa msiba, hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja. Alimkanda mabega tu, na upole huo ulimuuma Bi Malsun kuliko matusi. Kimchi ikaiva, kisha ikachacha. Hakuna aliyefungua mtungi.

Huko kusini pwani baridi huchelewa, na kabichi pia. Mdogo wa Bi Malsun, Gapsun, aliyeishi huko, alikuwa bado hajaanza kutengeneza kimchi yake. Bi Malsun akampigia simu.

"Gapsun, usiwaite watu mwaka huu. Mumeo na kisukari chake..."

"Aa, dada! Huku kwetu ni mbali. Upepo wa bahari unafagia kila kitu," Gapsun akacheka.

"Mimi nilisema mlima," Bi Malsun akajibu. "Kisha nikamvua barakoa kwa mkono wangu."

Kicheko kikakatika. Gapsun akasema kwa sauti ndogo, "Basi, dada. Nitatengeneza peke yangu."

Bi Malsun akakata simu, akautazama ule mtungi. Kweli, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.