Taipureta ya Bi Sijaona

Katika kijiji kizima cha Kisarika ilibaki taipureta moja tu iliyokuwa ikifanya kazi, na mwenyewe alikuwa Bi Sijaona, karani mstaafu. Ndiyo maana Bwana Kirobo, tajiri wa ng'ombe, alimjia asubuhi na karatasi kuukuu mkononi.

“Nipigie barua,” alisema. “Iseme marehemu Lukwaro alinipa mimi shamba lake. Weka mwaka wa tisini na moja. Nikipeleka ya kompyuta kwenye mkutano wa kijiji watashtuka.”

“Na mjane wake je, bosi?”

“Kibanda chako hiki kimekaa kwenye kiwanja changu, Bi Sijaona.”

“Kwani nani kakataa?” Bi Sijaona alicheka, akavaa miwani, akapachika ile karatasi kuukuu kwenye mashine na nyingine nyuma yake.

“Ya pili ya nini?”

“Kizee hiki, bosi. Kisipowekewa mto, herufi zinatoboa.”

Mashine ikalia ta-ta-ta, na Kirobo akaondoka na barua yake akipiga mluzi.

Mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua kwa sauti. Mjane akajifunika uso kwa khanga. Hapo Bi Sijaona akasimama, akampa mwenyekiti ile karatasi ya pili. Karatasi ya kaboni aliyoificha katikati ilikuwa imenakili kila neno, mpaka herufi K iliyopinda.

“Hii si nakala tu ya barua ileile?” aliuliza mwenyekiti.

“Igeuze.”

Nyuma yake palikuwa na tangazo la mkutano huohuo, lililobandikwa kijijini Jumatatu.

“Marehemu alijipanga kwelikweli,” alisema Bi Sijaona. “Tangazo letu la wiki hii alikuwa nalo tangu tisini na moja.”