Shangazi Nungunungu na Mbweha Aliyeambiwa Aache Nyama

Paukwa!

Pakawa!

Mlioketi mbele na mliosimama mlangoni, wote mmeitika? Haya. Watoto, sogeeni. Watu wazima, nanyi msijifanye mnachochea moto. Ngano hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na meko yao na vyungu vyao, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Mifuru. Mifuru ilijaa kila upande. Matunda yake, furu, yakiiva yalianguka chini, pu, pu, pu. Katika bonde hilo aliishi Mbweha.

Mbweha alikula nyama. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni nyama. Mama yake alimlisha nyama, na bibi yake alimlisha mama yake nyama. Hakuwa mbaya. Alikula alichofundishwa kula.

Lakini nyama ile ilikuwa na mama yake. Nyama ile ilikuwa ni vifaranga wa Kanga.

Kanga alikuwa ameangua vifaranga wengi. Wakipita kwenye majani ungesikia piu piu piu, kama manyunyu ya mvua. Mbweha akapita leo, piu zikapungua. Akapita kesho, piu zikapungua. Kanga akakosa usingizi. Kila akihisi upepo anakusanya wanawe chini ya mbawa, na kila akiwakusanya anaona mbawa zake zimekuwa kubwa kuliko watoto waliobaki.

Na Mbweha mwenyewe, msidhani alikuwa na raha. Alikuwa amenenepa. Akipanda kichuguu kidogo tu anahema, hhe, hhe, hhe. Magoti yanamuuma. Akikaa chini, kuinuka ni kazi. Ila hakumwambia mtu.

Kanga akawaza. Nikihama, nihamie wapi? Nikipigana naye, nina nini zaidi ya mdomo? Akaona afadhali apatikane mtu wa kumwambia Mbweha, naye asikie. Akaenda kwa Shangazi Nungunungu.

Shangazi Nungunungu mnamjua? Ndiye yule mwenye miiba mgongoni. Akitembea, chaka, chaka, chaka. Akikasirika, chaka-chaka-chaka-chaka. Yeye hakula nyama maisha yake yote. Alikula mizizi, alikula viazi vikuu, alikula matunda, na nguvu zake zilikuwa vilevile. Bonde zima lilimwita Shangazi, kwa sababu alisema lile ambalo wengine walilimung'unya tu. Na Kanga alimwendea kwa sababu moja. Shangazi alikuwa amekwisha kumwachisha Nyani kula mayai ya ndege.

Alimwachishaje? Sikilizeni. Nyani alifiwa na mjomba wake. Siku ya kuzika, Shangazi akaja akajilaza katikati ya njia, wachukuzi wa maiti wasiwe na pa kupita. Akamwambia Nyani mbele ya waombolezaji wote, "Nyani, acha kula mayai ya wenzio. Tumbo hilo likifa, tutalichimbia kaburi la tembo."

Watu wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Nyani naye akamjibu kwamba yeye afadhali ana tumbo, kuliko mwenye mgongo kama ufagio uliosahauliwa mvuani. Shangazi akacheka, akaondoka njiani, maiti ikapita. Na tangu msiba ule Nyani hakugusa yai tena. Basi sifa zikaenea. Ikasemwa kwamba maneno ya Shangazi ni dawa: ni machungu, lakini yanaponya.

Kanga akamweleza shida yake. Alipofika kwenye kuwataja watoto ambao hawapo, akaanza kuwahesabu upya waliobaki. Shangazi miiba ikamsimama yote.

"Niachie mimi," akasema. "Huyo hajapata wa kumwambia ukweli. Nitamwambia."

Asubuhi akaenda kisimani, mahali wanyama wote hunywa maji. Chaka, chaka, chaka. Mbweha alikuwa ameinama anakunywa. Shangazi hakumwamkia. Alisimama juu ya jiwe akaanza kuimba, nanyi mtanisaidia kuitikia:

Mla nyama, jitazame,
*Jitazame!*
Tumbo hilo ni makaburi,
*Jitazame!*
Kichuguu kimekushinda,
*Jitazame!*

Wanyama wakacheka. Nyani ndiye aliyecheka kuliko wote, hata akaanguka majini. Mbweha akajitazama kweli kwenye maji. Akauona uso wake, na nyuma ya uso wake akaziona nyuso za wote wanaocheka. Mkia ukashuka. Akaondoka bila kumaliza kunywa.

Je, dawa ilifanya kazi? Ilifanya. Mbweha aliacha nyama. Kutwa hakuonekana, na vifaranga wa Kanga wakacheza hadi kwenye njia kubwa, piu piu piu. Kanga akampelekea Shangazi furu nzuri nzuri kwenye jani, akamshukuru sana.

Lakini niwaulize. Mbweha ameacha nyama. Sasa anakula nini?

Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa asile, hakuambiwa ale nini. Akajaribu majani makavu, yakamkwaruza koo. Akajaribu nyasi, akatapika. Akatamani kwenda kuuliza, akakumbuka kile kicheko cha kisimani. Akarudi shimoni kwake akalala na njaa, akaamka na njaa, akalala tena na njaa.

Kisha njaa ikamshinda. Akatoka akinyata, kwa njia ya nyuma, katikati ya vichaka. Zamani alikuwa akija wazi, Kanga anamwona, anapiga kelele, wengine wanapona. Safari hii hakuonekana. Na zamani alikula kiasi cha njaa yake. Safari hii alikula kwa njaa, akala na kwa aibu, na aibu haishibi.

Kanga aliporudi kutoka kuparua, akaita. Wakaitika wachache. Akaita tena. Wakaitika walewale.

Akaenda kwa Shangazi akamweleza. Shangazi alipata hasira mpaka ardhi ikasikia, chaka-chaka-chaka-chaka. Akasema kosa lake ni kwamba alimwonea huruma, kwamba maneno ya kwanza yalikuwa laini, na sasa atampelekea makali yenyewe. Akaenda hadi mlangoni kwa Mbweha akaimba kwa sauti kubwa kuliko siku ile. Mla nyama, jitazame! Tumbo hilo ni makaburi! Ndani kimya. Kadiri alivyoimba, ndivyo Mbweha alivyojisogeza ndani zaidi ya shimo, mpaka mgongo ukagusa udongo.

Shangazi akarudi amechoka. Akamkuta Nyani amekaa kwenye tawi la mfuru, anakula furu na kutema kokwa. Kanga alikuwa chini ya mti, amewafunika waliobaki kwa mbawa. Shangazi akalalamika. Akasema hajui kwa nini dawa iliyomponya Nyani imemshinda Mbweha.

Nyani akashuka mtini. Siku hiyo hakufanya mzaha.

"Shangazi," akasema, "babu yangu na babu yako walipigana, wakapatana, wakawekeana utani. Ndiyo maana wewe ukilala njiani kwenye msiba wangu, mimi nacheka. Mbweha ni mtani wako?"

Watoto, utani mnaujua. Kuna watu unaweza kuwaita kichwa kama boga, nao watakuita masikio kama ungo, mkacheka, mkala pamoja. Hao ni watani. Neno lilelile ukimtupia asiye mtani wako, ni tusi. Na tangu bonde lianze, Nungunungu na Mbweha hawakuwahi kuwekeana utani.

"Lakini nililosema ni kweli," Shangazi akasema.

"Ni kweli tupu."

"Basi?"

"Basi mimi sikuacha mayai kwa ajili ya ule ukweli. Nilikuwa naujua. Uliponitukana, ulibaki. Matanga yote ulikuwa jikoni kwetu unatupikia viazi vikuu, na usiku ulilala na wanangu. Nikaona, kumbe mayai naweza kuyaacha nisife." Nyani akatema kokwa. "Mbweha ulimtukana, ukaenda zako."

Miiba ya Shangazi ikalala, mmoja mmoja. Tusimcheke. Alikuwa ameumia kwa ajili ya watoto wa mwenzake, na kuumia huko kulikuwa kwema. Mdomo tu ndio ulitangulia mbele ya miguu.

Kesho yake alijitwika chungu akaenda kwa Mbweha. Alipofika akafanya lile ambalo hakulifanya mara zote mbili.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa, baba."

Sauti ikatoka chini kabisa, nyembamba. Ikamuuliza kama amekuja kumhesabu mbavu, maana sasa zinaonekana.

"Nimekuja kuomba msaada," Shangazi akasema. "Kuna shamba la njugu mawe waliloliacha binadamu wakahama. Ardhi imekauka, kucha zangu zimezeeka. Nasikia wewe unachimba vizuri."

Ilikuwa kweli. Mbweha alikuwa mchimbaji hodari. Hakuna aliyewahi kumsifia hilo. Akachungulia. Akatoka. Wakaenda wote, mmoja mbele, mmoja nyuma, wala Shangazi hakusema neno lolote juu ya nyama.

Mbweha akachimba, fuku, fuku, fuku. Njugu zikatoka na maganda yake, zimejaa udongo. Shangazi akaziosha, akazitia chunguni na chumvi kidogo, akazichemsha kwa maganda yake. Mbweha akapewa ya kwanza. Akaitafuna kwa mashaka. Akaomba nyingine.

"Inashibisha," akasema, kama anayemshtaki mtu. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Shangazi akamjibu kwamba ilimpasa yeye mwenyewe kumwambia, tena siku ile ya kwanza.

Wakawa wanakutana shambani. Mbweha anachimba, Shangazi anapika. Leo njugu, kesho viazi vikuu vya kuchoma, kesho kutwa furu. Kuhema kwake kukapungua, na mbavu zikafunikwa tena. Kanga aliyasikia hayo kwa Nyani, lakini hakuamini. Wewe ungeamini?

Siku moja Kanga alikuwa akiparua na watoto wake waliobaki, akafika ukingoni mwa shamba bila kujua. Chungu kilikuwa kinaepuliwa. Njugu moja ikaruka nje, ikabingirika, ikasimama katikati ya miguu ya Mbweha. Kifaranga mmoja akaiona. Watoto wa kanga hawajui kungoja. Akakimbia, piu piu piu, akaingia palepale, katikati ya miguu ya mbele ya Mbweha.

Kanga akanyanyua mbawa kumfunika, lakini alikuwa mbali mno.

Shangazi alitaka kusema. Ulimi ulikuwa na maneno mengi, yote makali, yote ya kweli. Miiba ikaanza kusimama. Akayameza maneno yale, moja baada ya jingine.

Mbweha akainamisha kichwa. Nisiwadanganye, mate yalimtoka. Akamnusa kifaranga. Akafungua kinywa, meno yote yakaonekana. Kanga akafumba macho.

Kach!

Kanga akasikia ule mlio. Hakuthubutu kufumbua macho. Kisha akasikia kitu kingine, kidogo sana.

Piu.

Akafumbua macho. Ganda la njugu lilikuwa limepasuliwa vipande viwili. Mbweha alikuwa akiisukuma punje kwa pua yake, polepole, hadi miguuni pa kifaranga.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Ganda lake gumu. Mwanzoni na mimi lilinishinda."

Hiyo ndiyo ngano ya Bonde la Mifuru. Mkiniuliza kama Mbweha hakuteleza tena hata mara moja, nitawajibu kwamba panzi walimponza siku mbili tatu, akawala, na Shangazi alikuwa upande wa pili akijifanya anatazama mawingu. Lakini vifaranga wale walikua, wakaota manyoya ya madoa, wakataga.

Na funzo lake ni hili, watoto, nanyi mlio nyuma. Ukitaka mwenzako aache jambo, usimwaibishe ukaenda zako. Mwaibishe mtu, ataficha, hataacha. Ukweli mwambie, ndiyo, lakini piga hodi kwanza, mpe kitu cha kushika mahali pa kile unachomwachisha, kisha ubaki naye akijifunza. Na matusi waachie watani wako, maana wao wanajua kwamba unawapenda.

Hadithi yangu nimeitua hapa hapa. Aliyeipenda ajitwike, aende nayo.