Kiluvya na Kidari

Paukwa, enyi mkutano. Itikieni kwa kinywa kimoja: Pakawa. Wenye usingizi waamshwe, wenye soga wanyamaze, maana neno la leo linamhusu kila aliyezaliwa na tumbo.

Zamani hizo, kabla babu wa babu zetu hajajifunza kutambaa, palikuwa na mwanamume aitwaye Kiluvya, mlafi asiye na mfano. Watu wakila, yeye hunyakua. Nyaku, nyama imekwenda. Nyaku, na ya jirani imekwenda. Siku moja akanyakua nyama kwenye sinia la matanga, mbele ya wafiwa, machozi yao hayajakauka. Baraza la wazee likakata shauri: afukuzwe. Naye Kiluvya hakuwa na kwao pengine. Akaketi mbele yao.

Ndipo aliposimama Mzee Mahimbo, fundi wa mipini ya majembe.

"Nipeni mwezi mmoja," akasema. "Mtu huzaliwa amepinda kama tawi. Mimi tawi lililopinda silitupi. Nalipasha moto, nalibana kwa jiwe, linanyooka."

Mzee Shebughe akatikisa kichwa. "Umekosea, mwenzangu. Mtu huzaliwa mwema. Mwacheni tu, wema utamea wenyewe."

"Na yale makomeo matatu ya ghala lako," akauliza Mahimbo, "unawafungia watu gani?"

Baraza likaangua kicheko. Shebughe akajikohoza. Kiluvya akapewa mwezi wake, na sharti juu yake: akinyakua kwenye karamu ya mavuno, aondoke kabla jua halijatua.

Mzee Mahimbo akamchukua kando. "Moyo wako siuhitaji. Nipe mkono. Kila penye chakula utawanawisha watu wote, mkubwa hadi mdogo. Kinofu cha kwanza utamwekea mkongwe aliye karibu nawe. Kisha ndipo ule."

"Na moyo ukikataa, babu?"

"Uache ukatae. Mkono haungoji ruhusa yake."

Kiluvya akafurahi kimoyomoyo. Akawaza: nitaigiza mwezi mmoja, kisha nitaurudia ulaji wangu. Basi akawa akiigiza. Tiririri, maji mikononi mwa watu. Kinofu kwa mkongwe. Tiririri, maji. Kinofu kwa mkongwe. Kinywa kinasema, "Karibu, bibi," na moyo unatukana. Siku thelathini, asubuhi na jioni.

Karamu ikafika. Ng'ombe akachinjwa. Kiluvya akawanawisha wote, akaketi karibu na Bi Nyange, mkongwe asiyeona, mwenye meno mawili. Sinia likaletwa, na juu yake kidari kinachomeremeta mafuta. Kiluvya akakitazama kidari. Kidari nacho, kama ilivyoonekana kwake, kikamtazama. Akasahau baraza. Akasahau kufukuzwa. Mkono ukaruka. Nyaku.

Wazee wakainuka. Shebughe akafumba macho.

Mkono ukapaa na kidari, ukakipita kinywa cha Kiluvya kilichokwisha kuachama, ukaenda ukakiweka mbele ya Bi Nyange.

Kiluvya akautazama mkono wake kama mtu aliyeibiwa. Machozi yakamtiririka.

"Analia kwa huruma," akasema Shebughe. "Niliwaambia, ni mwema tangu tumboni."

"Si huruma, babu," akajibu Kiluvya. "Nakililia kidari."

Bi Nyange akatafuna polepole. "Kigumu kidogo, mjukuu wangu. Lakini tangu mume wangu afe, hakuna aliyeniwekea nyama mbele yangu."

Kiluvya akafuta machozi. Akakivuta kile kidari, akamkatia vipande vidogo vidogo vinavyoweza kutafunwa kwa meno mawili. Hakuna aliyemwagiza.

Jumbe wa kijiji akamgeukia fundi. "Mzee Mahimbo, mtu huyu bado anatamani. Utasemaje kwamba amenyooka?"

"Jumbe, mimi nina miaka themanini, na kidari hicho nimekitamani tangu ng'ombe akiwa hai. Ikiwa tamaa ndiyo inayomfukuzisha mtu, basi nifungieni mzigo, nitangulie mimi."

Baraza zima likacheka, na Jumbe akacheka. Kiluvya akabaki kijijini.

Mimi nimefika mwisho wa ngano; lililosalia ni lenu. Ewe unayengoja moyo wako utakate ndipo utende mema, utangoja hadi kaburini. Tenda leo. Moyo utakuja nyuma ukinung'unika, lakini utakuja. Nakuambia hasa wewe uliyekalia kigoda hapo mbele, na mama huyo amesimama nyuma yako muda wote huu. Inuka, mpishe.