Sikudhani Alikufa Njiani, Akafika Salama

Mmekaa?
— Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Hadithi ikiwa tamu?
— Tutaila.
Ikiwa chungu?
— Tutamrudishia mpishi.
Basi pokeeni, ingali inachemka.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na nchi zao na mipaka yao na ubishi wao, palikuwa na kalunguyeye wawili, mume na mke. Mume aliitwa Mbaruku, mke aliitwa Sikudhani. Kalunguyeye mnamjua: mdogo kama kidaka cha nazi, mgongo wote miiba, akiogopa hujikunja akawa mpira.

Sikudhani alikuwa na ugonjwa mmoja: alijua kila kitu. Zaidi ya yote alijua habari za safari. Ukimuuliza njia ya kwenda popote alikuonyesha kwa mkono, na mkono wenyewe haukutetemeka. Kumbe tangu azaliwe hajawahi kupita kichuguu cha jirani.

Siku moja mbayuwayu akaleta habari. Binti yao Kibibi, aliyeolewa nchi ya Pimbi, amejifungua. Na desturi ya kalunguyeye ni hii: mama wa aliyejifungua huja na asali na unga wa wimbi, akapika uji kwa mkono wake mwenyewe. Uji ule usiponywewa, watoto hawapewi majina. Wanaitwa tu "wewe" na "yule," na asiye na jina hatolewi nje kuona jua.

"Tutakwenda," akasema Sikudhani.

"Katikati kuna nchi tatu, Mama Kibibi," akasema Mbaruku. "Ya Vyura, ya Ngedere, ya Kanga."

"Wewe nifuate tu, Baba Kibibi. Mimi ni msafiri."

Akafunga mizigo. Kalunguyeye hana haja ya begi; kitu hukichomeka kwenye miiba, kikakaa. Akachomeka kibuyu cha asali. Akachomeka kifuko cha unga. Akachomeka viazi, akachomeka kumbikumbi wakavu, akachomeka mkeka. Halafu akamgeukia mumewe, akamfungia kinu mgongoni.

"Kinu cha nini, na unga umeshasagwa?"

"Safarini huwezi kujua."

Wakatembea. Chaka-chaka, chaka-chaka, mke mbele, mume nyuma na kinu chake. Jua lilipopanda Mbaruku akasema, "Kichuguu hiki kinafanana sana na cha jirani yetu."

"Vichuguu vyote vinafanana," akasema Sikudhani, na mara akamwona jirani mwenyewe amesimama mlangoni anawapungia mkono. Akageuza njia kimya kimya. Malengelenge yalikuwa yameshaanza kutoka miguuni, na nyumbani bado kunaonekana.

Hatimaye wakafika kwenye kinamasi, mwanzo wa nchi ya Vyura. Vyura wakawaambia, "Kirefu, kirefu, kirefu." Na ukingoni palikuwa na Fisi, anakunywa maji. Blubu, blubu, blubu.

Mbaruku akaanza kujikunja. Sikudhani naye alitaka kujikunja, lakini msafiri hajikunji mbele ya mumewe. Akafikiri haraka. Siku zile wanyama walikuwa na utani. Babu zenu wakipigana kisha wakapatana, ninyi wajukuu ni watani mpaka mwisho wa dunia. Mtani humtukana mtani, na hakuna kukasirika. Mtani humsaidia mtani. Na mtani hamli mtani, hata akiwa na njaa ya mwaka.

Sikudhani akasogea, akasema, "Mtani, unanuka."

Fisi akainua kichwa. "Unasema na nani?"

"Nasema na wewe, mtani wangu. Kwenu hawakukuambia? Babu yangu alimchoma babu yako pua. Wakapigana, wakapatana."

Fisi akaipapasa pua yake. Hakukumbuka kovu lolote kwa babu yake. Akaitazama mizigo, akakumbuka.

"Na mtani huchukua cha mtani?" akauliza.

"Bila shaka," akasema Sikudhani. Alijibu upesi, maana hakupenda kuulizwa kitu akachelewa kujibu.

Fisi akawabeba. Wakavuka, tapu-tapu, tapu-tapu, vyura wanatazama. Sikudhani juu ya mgongo wa Fisi akamnong'oneza mumewe, "Umeona msafiri?" Walipofika nchi kavu Fisi akaketi mbele yao.

"Mtani, fungua."

Sikudhani akafungua. Fisi akala kumbikumbi wote. Gwamu, gwamu, gwamu. Akajifuta mdomo.

"Umekasirika, mtani?"

"Sikukasirika, mtani."

Fisi akacheka, akaenda zake. Mbaruku akauliza, "Mama Kibibi, tumebaki na nini?"

"Tumebaki na mzigo mwepesi. Wasafiri wote wanautafuta."

Wakatembea. Chaka-chaka, chaka-chaka. Wakaingia nchi ya Ngedere, msitu wa miti mirefu. Kufika katikati, nani yuko njiani? Fisi.

"Mtani, fungua."

Akala viazi vyote, na maganda. Gwamu, gwamu, gwamu.

"Umekasirika, mtani?"

"Sikukasirika, mtani."

Safari hii hakuenda zake. Alichukua mkeka, akautandika, akalala juu yake. Ngedere wakauliza kutoka mitini, "Bwana Fisi, hawa ni nani wako?" Akawajibu, "Watani zangu. Hata wakitaka kukasirika hawawezi." Ngedere wakacheka mpaka mmoja akaanguka. Sikudhani naye akacheka kidogo, kwa adabu. Wezi wengine huja wenyewe. Huyu wake alimwalika, tena kwa matusi.

Wakafika nchi ya Kanga, uwanda wa majani mafupi, Fisi yuko nao pamoja, anatangulia kila kijiji kutangaza, "Mimi ni mtani wao, mimi ni mtani wao," ili hata akila mbele za watu asiulizwe. Kanga wote wakalijua jambo hilo. Ng'ambo ya uwanda milima ya Pimbi ilikuwa inaonekana. Miiba ya Sikudhani ilibaki na kibuyu cha asali na kifuko cha unga, basi. Kwa Mbaruku kilibaki kinu. Fisi akavinusa vitu vile akasema, "Leo nimeshiba. Kesho asubuhi utafungua."

Jioni hiyo Sikudhani hakujidai kujua chochote. Alifikiri juu ya Kibibi, na watoto wanaoitwa "wewe" na "yule," na yeye atokee mlangoni mikono mitupu, mumewe na kinu nyuma. Atasema nini? Kwamba amekuja na uzoefu?

Alfajiri akamgusa mumewe. "Baba Kibibi, nataka kufa."

"Leo?"

"Leo, kabla Fisi hajaamka. Mtani ana haki za kula, na mimi mjinga nilizikumbuka hizo peke yake. Ana kazi zake pia, na kazi hizo ziko msibani. Wewe lia tu. Kulia huhitaji kufundishwa?"

"Baada ya safari hii," akasema Mbaruku, "sihitaji."

Sikudhani akajikunja, akawa mpira, kimya. Mbaruku akaangua kilio. Kanga wakaja mbio, kekeke-kekeke, uwanda ukajaa madoadoa. Bi Kanga, mkubwa wao, akasimama juu ya kile kimpira.

"Pole, baba. Mtani wa marehemu ni nani?"

Kanga wote wakamgeukia Fisi. Alikuwa ameamka, amekaa karibu sana na maiti.

"Bwana Fisi," akasema Bi Kanga, "mbona mate yanakutoka?"

"Ni majonzi."

"Kwenu majonzi yanatokea mdomoni?"

"Kwetu, ndiyo. Kwetu pia marehemu tunamhifadhi upesi. Mimi mwenyewe naweza kumhifadhi sasa hivi."

"Mtani hamli mtani," akasema Mbaruku katikati ya kilio. "Na mali ya marehemu haiguswi mpaka azikwe. Na marehemu anazikwa kwa binti yake, nchi ya Pimbi. Na anayembeba ni mtani. Na chungu cha kwanza cha matanga ni cha mtani, peke yake, na ufuniko wake."

Fisi akasikia hayo yote, lakini alichokiweka moyoni ni chungu. "Kikubwa kiasi gani?" akauliza.

"Utakiona," akasema Mbaruku.

"Kwanza afanye ya hapa," akasema Bi Kanga. "Mtani humwigiza marehemu, wafiwa wapate kucheka. Anza, Bwana Fisi."

Hilo Sikudhani hakulifikiria. Ndani ya mpira wake akasikia Fisi ananyanyuka, akasikia hatua fupi fupi za kujivuna, chaka-chaka, chaka-chaka, na sauti nyembamba iliyofanana mno na yake: "Nifuateni. Mimi ni msafiri. Njia naijua, ila imehamishwa."

Kanga wakavunjika mbavu. Sikudhani akangoja kumsikia mumewe akimtetea. Mbaruku akasema, "Ongeza kichuguu. Tulitoka nyumbani asubuhi, adhuhuri tukafika nyumbani."

"Na alisemaje?" akauliza Fisi.

"Kwamba vichuguu vyote vinafanana. Jirani anatupungia mkono."

Fisi akaigiza kichuguu. Akaigiza jirani. Bi Kanga alikuwa amelala chali. Kanga mmoja akauliza, "Na hicho kinu ni cha nini, baba?"

"Hata mimi sijui," akasema Mbaruku. "Nilitegemea angeniambia, na sasa amekwenda nacho, yaani amekwenda na jibu, kinu kaniachia mimi."

Sikudhani akapandwa na hasira kwanza. Kisha akatafuta mahali ambapo Fisi alimsingizia, asipaone. Kila neno lilikuwa lake. Akajiona mwenyewe, kitu kidogo cha miiba, pua juu, kinaongoza msafara kuelekea mlangoni kwake, na kicheko kikamjia kutoka tumboni, kikubwa, kikasukuma. Akauma ulimi. Mpira ukatetemeka.

"Maiti imetikisika," akasema Bi Kanga.

"Ni upepo," akasema Mbaruku, na yeye mwenyewe alikuwa anafuta machozi, si ya kilio.

Fisi akabebeshwa. Akabebeshwa marehemu, na kibuyu, na kifuko, na kinu, na mfiwa juu ya kinu maana kwa huzuni miguu haikumbeba. Kanga wakasindikiza wakiimba, macho yote kwa Fisi, asiweze kulamba hata kifuniko. Uwanda ukaisha, milima ikaanza. Kila Fisi akiruka jiwe, miiba inamchoma: choma-choma, choma-choma.

"Marehemu ananichoma," akasema.

"Anakuaga," akasema Mbaruku.

Wakafika nchi ya Pimbi, mawe na udongo mgumu. Kibibi akatoka chini ya rundo la majani, ndiko alikolala na watoto, maana kalunguyeye hawezi kuchimba ardhi ile ngumu. Aliposikia mama amekufa akakaa chini. Hapo Mbaruku akamwinamia, akamnong'oneza kweli sikioni, na Kibibi akaanza kulia vizuri, kwa sauti, huku amefunika uso asionekane anacheka.

"Mtani anachimba kaburi," akasema Bi Kanga.

Fisi akachimba. Puchu, puchu, puchu. Alichimba kwa njaa, na mwenye njaa ya chungu huchimba vizuri.

"Pana zaidi," akasema Mbaruku. "Marehemu alipenda nafasi." Puchu, puchu. "Na chumba cha pembeni. Alipenda wageni." Puchu, puchu. "Na mlango uelekee jua."

"Kaburi la mlango?" akauliza Fisi.

"Kwetu, ndiyo."

Shimo lilipokwisha Fisi akatoka, vumbi mpaka kope, akahema, "Chungu kiko wapi?"

Kimpira kikafunguka. Sikudhani akajinyoosha, akaingia shimoni, akapima chumba cha pembeni kwa hatua zake, akatoka. "Kibibi, ingiza watoto. Nyumba yako ni nzuri." Kisha akamgeukia Fisi. "Nimekutania, mtani. Umekasirika?"

Fisi akatazama huku na huku. Kanga wote pale, madoadoa kwa madoadoa, wanangoja. Akameza mate, na safari hii yalikuwa kweli majonzi.

"Sikukasirika, mtani," akasema.

"Na ule uigizaji wako," akasema Sikudhani, "nilikaribia kufa kweli. Ila pua ningeinua juu zaidi."

Fisi akaondoka na njaa yake, anachechemea. Sikudhani akapika uji wa wimbi, akatia asali, Kibibi akanywa. Watoto wakapewa majina, wakatolewa nje, wakalifumbia jua macho.

Siku zikapita. Mbaruku akauliza, "Mama Kibibi, tunarudi lini?"

Sikudhani akautazama uwanda, akautazama msitu, akakifikiria kinamasi. Miguu ilikuwa bado haijapona, na Fisi wa nchi zile zote, aliyewabeba na waliosikia, walikuwa wakimwona kalunguyeye wanabadili njia kabla hajawasalimu. Nani tena atawavusha?

"Kesho," akasema.

Mpaka leo ukifika nchi ya Pimbi utamkuta mama mmoja anaishi kwa mkwewe, chumba cha pembeni. Muulize ataondoka lini.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba uongo hauna faida. Sikudhani alidanganya mara mbili tu, ya kwanza akavushwa maji, ya pili akabebwa mpaka mlangoni na nyumba akachimbiwa. Kwa hiyo semeni kweli daima. Na mkisafiri wawili, mmoja afe mapema, mwenzake atapumzika.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeshiba anawe mikono.
— Na mwenye njaa?
Akalie chungu.