Suti ya Mpira ya Tuntufye

Fimbo hata iwe ngumu kama chuma, ukiiacha nyumbani haitakusaidia utakapokutana na nyoka njiani. Utamtazama nyoka, naye atakutazama, basi. Ndiyo maana wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wengi wetu tunadhani methali hii inahusu ndugu walio mbali. Lakini hata nguo ya mtoto inaweza kuwa fimbo ya mbali, kama alivyokuja kujua Loisi, mama mmoja wa Chapwa, pale Tunduma.

Loisi alikuwa na binti mmoja tu, Tuntufye, mwembamba kama bua la mtama. Kifua cha mtoto huyo ndicho kilichomnyima mama yake usingizi. Mara mbili aliugua nimonia, na mara ya pili nesi wa zahanati alimwambia Loisi taratibu, "Mama, huyu asipigwe tena na maji ya baridi. Ikija mara ya tatu, mimi sijui." Neno hilo, "sijui," lilimkaa Loisi rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Taabu ni kwamba kati ya nyumba yao na shule palikuwa na kijito. Wakati wa kiangazi watoto walikiruka wakicheka. Masika yakianza, magogo ya daraja yalisombwa, nao wakavuka kwa miguu wameshikana mikono, maji yakiwafika wadogo kiunoni. Kuzungukia barabara kuu kulikuwa mbali, tena katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Asubuhi Loisi aliweza kumbeba mwanawe mgongoni, lakini saa za kutoka shule yeye alikuwa sokoni na maharage yake. Kwa hiyo masika yaliyopita alimfungia Tuntufye ndani mpaka mvua zikaisha, na mtoto akalazimika kurudia darasa la kwanza.

Januari moja, wakati mvua zimeshika, Loisi alipita na Tuntufye kwa Zakia, muuza mitumba aliyetoka Tanga akaolewa Tunduma. Zakia alikuwa amefungua robota jipya, na wanawake wamelizunguka kama kuku waliomwagiwa pumba. Ndani yake zilitoka suti mbili za ajabu, nyeusi, za mpira laini mnene, zimeungana kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, na zipu mgongoni. Moja ilikuwa ndogo, nyingine kubwa.

"Hii nguo ya nini?" Loisi aliuliza.

"Ya kuingilia majini," Zakia akajibu. "Kaka yangu alikuwa mpiga mbizi bandarini, alivaa kama hii. Unakaa kwenye maji ya baridi, mwili hausikii."

Loisi alihisi kama Mungu amemshika bega. Alimweleza Zakia habari ya kijito, akamwita Tuntufye, wakamvika ile ndogo juu ya gauni lake jembamba. Ilipanda kwa shida, Zakia akivuta na mtoto akirukaruka. Zipu ilipofungwa, Zakia alipitisha kidole shingoni, akabinya kwapani na nyuma ya magoti.

"Umeona? Hakuna mkunjo. Nguo hii inatakiwa imkae kama ganda la harage. Maji kidogo yanaingia, mwili unayapasha moto, yanatulia humo. Ikiwa pana, maji yanaingia na kutoka kama watu sokoni, na baridi ni ileile. Haya mtoto, chuchumaa. Inua mikono. Unapumua?"

"Napumua, shangazi," Tuntufye alisema. "Ila imenikamata."

"Ndiyo kazi yake."

Lakini Loisi alikuwa ameishika ile kubwa, anaipima kwa macho. "Na hii bei gani?"

"Bei moja, mama. Ila hiyo ataingia yeye na mbuzi wenu."

Wanawake wakacheka. Loisi naye akacheka, lakini mkono haukuachia. Tangu lini mzazi akamnunulia mtoto nguo ya kumtosha leo? Sketi ya shule hununuliwa ikifika kwenye vifundo, viatu hujazwa karatasi mbele. Mtoto hukua kama mahindi ya Januari. Na bei ni moja, mpira mwingi na mpira kidogo.

"Atakua nayo," alisema.

"Dada, mtoto anavuka mto lini? Leo au mwaka kesho?" Zakia aliuliza.

"Wewe biashara yako kuuza, wifi. Mwili wa mwanangu naujua mimi."

Zakia akaifunga ile kubwa kwenye mfuko.

Nyumbani Loisi aliona mwenyewe kwamba miguu ya suti ilikuwa mirefu. Akaikunja, akakata vipande vya mpira wa baiskeli, akafunga vifundoni kwa nguvu ili baridi isipite chini. Shingoni hakukuwa na la kufanya; pakabaki wazi kama mdomo wa gunia.

Kesho yake alimsindikiza ili ajionee suti inavyofanya kazi, amebeba sare ya shule ndani ya mfuko. Watoto waliokuwa kijitoni walipomwona Tuntufye mweusi anang'aa, mmoja akaita, "Kambare huyo anakuja." Tuntufye akaona fahari, akaingia majini kwa madaha, ameshika mkono wa mwenzake. Loisi alibaki ukingoni na roho yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Katikati ya kijito mikunjo ya magoti ilimtatiza mtoto. Akayumba, mkono ukaponyoka, akakaa kitako. Maji yakamwagika ndani kupitia shingoni, na kwa kuwa chini pamefungwa, hayakuwa na pa kutokea. Alipojaribu kusimama, miguu ya suti ilikuwa imevimba kama viriba. Akainuka nusu, akaanguka. Akainuka tena, akaanguka, na safari hii kichwa kilikwenda chini.

Loisi hakukumbuka alivyoingia. Alimshika mwanawe kwapani, akavuta, akaona mzigo haubebeki. Akapapasa vifundoni chini ya maji, akazikata zile kamba za mpira kwa meno. Maji yalitoka kwa vishindo, na mtoto akawa mwepesi tena. Alimpeleka moja kwa moja jikoni kwa Mwalimu Ferista, aliyekaa karibu na shule, akamkalisha karibu na moto. Tuntufye alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya majivu.

Usiku wa pili homa ikaja. Loisi alikaa wiki nzima zahanati akihesabu pumzi za mwanawe. Siku ya nane homa ilishuka, na Loisi akalia kwa mara ya kwanza.

Alirudi kwa Zakia na ile suti mkononi. "Nipe ile ndogo, wifi. Uliniambia."

Zakia alitazama chini. "Nilikuambia, dada. Isaka aliichukua siku ileile, yule fundi wa viti vya pikipiki. Ameshaikatakata."

Basi Tuntufye alikaa tena nyumbani masika yale yote. Asubuhi alisimama mlangoni kuwatazama wenzake wakipita, kisha akawapanga kuku uani na kuwafundisha a, e, i, o, u. Darasa la kwanza alilisoma mara ya tatu, mrefu kuliko wote.

Miaka ikapita. Tuntufye alipokuwa darasa la tatu aliikuta ile suti juu ya kabati, akaivaa. Ilimkaa shingoni, kwapani na magotini bila mkunjo, kama ganda la harage. Akatoka nje na kusimama mbele ya mama yake aliyekuwa anapepeta maharage.

"Mama, sasa imenitosha. Nivukie wapi?"

Loisi alitazama bondeni. Daraja la zege lilikuwa limemalizwa mwaka uliopita, na watoto walikuwa wanapita juu yake na soksi zao kavu. Kisha akaendelea kupepeta. Nyoka alikuwa amekwisha pita na kuuma, na fimbo ndiyo kwanza inafika. Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.