Ungo wa Injili Siku ya Pasaka

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ambayo waliokuwepo bado wanabishana juu yake, palikuwa na kigango kidogo cha Wakatoliki katika vilima vya Umatengo. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Kigangoni hapo walikuwapo ndugu wawili wa tumbo moja, Oswini mkubwa na Kandidi mdogo. Nyumba zao zilitazamana, bonde likiwa katikati, na kwa miaka kumi na moja hawakusemezana. Chanzo kilikuwa nguruwe. Kandidi alikwenda machimboni kutafuta maisha, akarudi mikono mitupu, amekonda kama ufito. Mama yao, Gaudensia, kwa furaha akachinja nguruwe wa Oswini bila kumwuliza. Oswini akatoka shambani, akakuta ngoma, akakuta nyama, akamkuta mdogo wake anatafuna. Akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo mama alikula mchana kwa mkubwa na jioni kwa mdogo, akivuka bonde kila siku na fimbo yake.

Basi Kwaresima ikafika. Watu wakapakwa majivu, kila mmoja akachagua cha kuacha. Huyu aliacha pombe, yule aliacha nyama. Longino, fundi baiskeli, aliacha aibu. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na hakuwahi kusimama mbele za watu. Akamwendea katekista Hyera akasema, "M-m-mwaka huu nitasoma mimi."

"Utaweza?"

"S-s-sijui. Ndiyo maana ni Kwaresima."

Jumamosi moja asubuhi jumuiya ilisali nyumbani kwa Oswini. Kandidi hakuja, hakuwa akikanyaga hapo. Longino akafungua Biblia. Somo lilikuwa lile la mwana aliyetapanya mali ya baba yake akarudi na njaa. Alisoma polepole, jasho likimtoka. Akafika pale ambapo baba anamwona mwanawe kwa mbali. Hapo ulimi ukagoma.

"Mba... mba... mba..."

Akina mama wakajifunika kanga wakicheka. Longino hakuketi. "Mba... mba..." Kicheko kikaisha. Watu wakangoja naye, na katika kungoja kila mmoja akaanza kumwona yule baba, amesimama, anatazama njia. Oswini alikuwa akitazama sakafu.

"...mbali!" akasema Longino, na watu wote wakapumua.

Aliposoma mpaka mwisho, mama Gaudensia akainua mkono. "Mwanangu Longino, huyo kaka mkubwa aliyekasirika akabaki nje, hatimaye aliingia?"

Longino akatazama. "H-haisemi, mama."

"Funua ukurasa unaofuata."

Akafunua. "Inaanza ha-habari nyingine."

"Haiwezekani! Watu wanakula ndani, mtoto amesimama nje, na nyinyi mnafunga kitabu? Aliingia au hakuingia?"

Mabishano yakazuka. Mmoja akasema aliingia, harufu ya nyama ilimshinda. Mwingine akasema hakuingia, aliyekosewa angeingiaje bila kuombwa msamaha?

Siku tatu Oswini hakupata raha. Alipalilia kahawa, akakata mche mzuri akaacha gugu. Alikunywa uji bila kujua kama una sukari. Siku ya nne, saa nne asubuhi, akatupa jembe chini. Akashuka bondeni, akapanda upande wa pili. Alipofika penye uzio wa mdogo wake hakuingia. Akasimama hapo, nje, kofia mkononi.

Kandidi alikuwa juu ya paa akiziba bati linalovuja. Akamwona. Ngazi ilikuwepo, lakini hakuikumbuka. Akaruka! Akateguka kifundo cha mguu, akainuka, akakimbia akichechemea, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Akamkumbatia kaka yake mpaka wote wawili wakayumba.

"Kaka, yule nguruwe," akasema Kandidi. "Miaka kumi na moja hajanishuka tumboni."

"Nyamaza," akasema Oswini, machozi yakimtoka. "Mguu wako unauma?"

"Sana."

"Basi niegemee."

Siku hiyo mama Gaudensia alivuka bonde akiwa na wanawe pande zote mbili, na mmoja akichechemea kuliko yeye.

Pasaka ikafika. Kigangoni hapo Kitabu cha Injili huletwa altareni kikiwa ndani ya ungo uliopambwa maua. Mtu mmoja tu huubeba kichwani, akicheza, na wengine humfuata wakipiga vigelegele. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Kabla misa haijaanza, katekista Hyera akatangaza kanisani, "Mwaka huu aubebe yule aliyelifanya Neno lizae matunda katika Kwaresima yetu. Wote mnajua ni matunda gani."

Wakasimama watu wanne kwa mpigo.

Longino akasema, "Ni-nilisoma mimi. Mlicheka, sikuketi. Nisingesoma, nani angesikia?"

Mama Gaudensia akasema, "Kusikia mlisikia wote, mkawa tayari kwenda kunywa chai. Niliyeuliza ni mimi. Tena niliuliza huku najua kwamba nguruwe nilimchinja mimi. Mnadhani ilikuwa rahisi?"

Oswini akasema, "Swali liliulizwa kwa wote, jibu nililitoa mimi kwa miguu yangu. Niliyekosewa nilikuwa mimi, na niliyekwenda ni mimi."

Kandidi akasema, "Ulikwenda, kaka, ukasimama nje. Mimi sikusikia somo wala swali. Sikujua umefuata amani au ugomvi. Niliruka tu. Neno lilikuwa wapi siku ile, kitabuni au pale kwenye tope?"

"Wewe ungeruka kumfuata nani kama nisingekuja?"

"Nawe ungesimama pale mpaka lini kama nisingeruka?"

"N-nani aliwafikisha huko?"

"Nani aliwazaa?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akina mama wakampigia makofi Gaudensia, vijana wakamshangilia Longino, wazee wakagawanyika kati ya wale ndugu wawili. Katekista akajikuna kichwa. Nje ngoma imeanza, padre amekwisha vaa, kwaya inatazama mlango. Ungo ni mmoja, na vichwa vinne vimeinamishwa mbele yake.

Haya, jamaa zangu, niambieni kabla ngoma haijafika mlangoni: aliyesoma, aliyeuliza, aliyekwenda, na aliyekimbia kumpokea, ninyi mngemtwika nani? Je, nani alistahili?